Mgeni Mwenye Daftari: Somo kutoka Milima ya Usambara kwa Mwanafunzi Mtafiti

Utangulizi

Kila mwaka baadhi ya ndugu zetu huanza kipindi cha utafiti. Yupo frateri anayeandika kazi yake ya mwisho ya falsafa na kutumwa kijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Yupo padre kijana aliyetumwa na askofu wake kusoma Nairobi, Roma au Leuven, ambaye atakaa miaka mitatu au minne kati ya watu wasiojua hata jina la kijiji chake. Wapo pia wanafunzi wa kigeni wanaokuja kwetu, wakiwa na daftari, kinasa sauti na visa ya muda mfupi, na mara nyingi ni parokiani wanakobisha hodi kwanza.

Vitabu vya mbinu za utafiti vinatufundisha kuchagua sampuli, kuandaa dodoso na kuchambua takwimu. Havisemi sana juu ya siku yenyewe ya mtafiti: kuamka katika nyumba ya mtu mwingine, kula asichokizoea, kusalimia asiowajua, na jioni kukaa na daftari akijiuliza kama aliyoyaandika ni kweli. Lakini ukweli wa utafiti hutegemea sana siku hiyo.

Somo hili linachukua mfano mmoja, yaani Lushoto na Milima ya Usambara. Kwa zaidi ya miaka 170 milima hii imepokea wageni waliokuja kuuliza, kupima na kuandika. Wengine waliondoka na hekima, wengine waliondoka na maua, na wengine waliacha jeraha. Mwishoni mwa somo msomaji aweze: (a) kueleza jinsi maisha ya kila siku yanavyogusa ukweli wa utafiti, (b) kutambua hatari zinazomkabili mtafiti aliye frateri au padre, na (c) kutaja deni analobaki nalo mtafiti baada ya kazi kwisha.

1. Wageni waliotangulia

Washambaa wenyewe wanasimulia habari ya mgeni. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa sababu hiyo ndugu zake walimnyima urithi. Alitoka kwao na mbwa wake wa kuwindia, akaja milimani, akawa anaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba. Nyama aliwagawia wenyeji, nao wakampa vyakula vya shambani. Mwisho wake watu wa Vuga walimfanya mtawala wao, na ukoo wa Wakilindi ukaanzia kwake. Masimulizi hayo yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa na wamisionari wa Kianglikana huko Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Wanahistoria hubishana ni kiasi gani cha simulizi hilo ni tukio na kiasi gani ni mafundisho. Kwa somo letu mafundisho yanatosha: mgeni alitoa kabla ya kuomba. Aliwaondolea watu adha iliyowasumbua, ndipo wakamfungulia mlango.

Mwaka 1848 alifika Vuga mgeni wa aina nyingine, Johann Ludwig Krapf, mchungaji Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi chini ya Church Missionary Society huko Rabai karibu na Mombasa. Alipokewa na mfalme Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena mwaka 1852. Krapf alikuwa mwanafunzi wa lugha kwa miaka mingi. Aliandika maneno aliyoyasikia, akatoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke nao walipanda hadi Vuga, lakini hawakukaa. Walimwona mfalme, wakashuka pwani, wakaugua homa. Tofauti ya wageni hawa ni funzo: mmoja alikaa na lugha, wengine walipita njiani.

Katika miaka ya 1960 alikuja mwanafunzi Mmarekani, Steven Feierman, kukusanya historia ya ufalme wa Washambaa kwa ajili ya shahada yake. Angeweza kutosheka na masimulizi ya Wakilindi, kwa kuwa ndio waliotawala na habari zao zilikwisha kuandikwa. Badala yake alitafuta pia masimulizi ya koo za watu wa kawaida, akayalinganisha. Kitabu chake, The Shambaa Kingdom, kilitoka mwaka 1974. Baadaye alirudi tena milimani, na mwaka 1990 akatoa kingine, Peasant Intellectuals, ambamo hoja yake kubwa ni kwamba mkulima naye ni mtu wa fikra. Haleti habari tu ili msomi azifikirie. Yeye mwenyewe anafikiri, anapanga hoja na kuhukumu mambo ya nchi yake. Hoja hiyo haipatikani kwa kukaa wiki mbili katika nyumba ya wageni.

2. Siku ya mtafiti

Tuangalie sasa maisha yenyewe. Anayetoka Dar es Salaam au Arusha kwenda Lushoto huiacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto la tambarare. Kutoka hapo basi hupanda kilomita zipatazo 33 za kona, likipitia Soni. Mgeni aliyevaa shati jepesi anashuka Lushoto akitetemeka, hasa mwezi wa Juni au Julai. Mji huu ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal una ubaridi unaomlazimu mtu kununua sweta mitumbani siku ya kwanza. Hili ni jambo dogo, lakini ndivyo ugeni unavyoanza, kwa mwili kukosea kabla akili haijakosea.

Kisha zinafuata karatasi. Mtafiti wa kigeni nchini Tanzania anahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Anatakiwa pia kuwa na mshirika mwenyeji katika utafiti wake. Akishavipata bado ana ngazi za kushuka: mkoa, wilaya, kata, kijiji na kitongoji. Akitaka kuingia katika misitu ya hifadhi kama Magamba, au kuchukua sampuli za mimea, yapo maombi mengine.

Wanafunzi wengi huziona ngazi hizi kuwa usumbufu. Tuzitazame kwa jicho jingine. Kila mhuri ni mtu anayesema, "Nimemwona mgeni huyu, na mimi nitaulizwa habari zake." Mwenyekiti wa kitongoji akikupeleka kwa mzee fulani, amekukopesha heshima yake. Ukimdanganya mzee yule, wewe utaondoka, na mwenyekiti atabaki na aibu. Kwa hiyo usimpite mtu yeyote katika ngazi hizo kwa sababu tu una barua ya aliye juu yake.

Makazi. Mtafiti anayekaa hotelini mjini na kwenda kijijini kwa gari saa nne asubuhi anakuta nyumba tupu. Wakulima wa Usambara wako mashambani mapema, na mashamba mengine yako mbali, kwenye miteremko. Siku ya gulio ndiyo kabisa, kwa maana kila mwenye kabichi, karoti, viazi au matunda ameondoka alfajiri. Anayekaa kijijini hujifunza saa za watu. Anajua kwamba mama ataongea vizuri jioni akiwa anachambua maharage, na kwamba mgeni akishika ungo akachambua naye, mazungumzo hurefuka bila dodoso. Wahenga walikwisha kusema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni ushauri mzuri wa utafiti: mtu hujibu kwa uhuru zaidi akiona unashiriki kazi yake.

Lugha. Kiswahili kinatosha kwa kununua mboga na kwa kuongea na mtendaji. Lakini kuna mambo yanayokaa katika Kishambaa. Feierman alijifunza misemo miwili iliyobeba falsafa nzima ya utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Katika fikra hiyo mvua, chakula, amani na mtawala vimefungamana. Mfalme mwenye nguvu aliyetambuliwa na wote aliiponya nchi. Mashindano ya nguvu kwa nguvu kati ya wakubwa yaliiharibu, na njaa ikaingia. Mtafiti anayeuliza kwa Kiswahili tu, "Je, utawala bora ni nini?" atajibiwa kwa maneno ya redioni. Anayezijua shi mbili hizi ataulizwa na yeye.

Chakula. Bwana wetu alipowatuma wale sabini na wawili aliwaagiza kukaa katika nyumba iliyowapokea na kula walichoandaliwa (Lk 10:7-8). Agizo hilo linamgusa mtafiti moja kwa moja. Ugali na maharage, makande, mboga za majani, chai ya jioni: kula ni kukubali kwamba unawategemea watu. Usambara ni nchi ya Waislamu na Wakristo wanaoishi pamoja. Mwezi wa Ramadhani mgeni Mkristo atakaribishwa futari, naye asile mchana mbele ya waliofunga. Jirani hukumbuka mambo hayo kuliko jina la chuo chako.

Upweke. Mwezi wa kwanza kila kitu ni kipya. Mwezi wa tatu, mvua ikinyesha siku nzima, barabara ni utelezi, umeme umekatika na hakuna aliyekuja kwenye miadi, mtafiti huanza kuwachukia kimya kimya watu aliokuja kuwasoma. Daftari lake hujaa lawama. Hapa ndipo sala, Misa ya Jumapili na barua kwa rafiki vinakuwa sehemu ya mbinu za utafiti. Shauri moja: siku ya hasira andika uliyoyaona, na usiandike hitimisho. Hitimisho lisubiri siku uliyolala vizuri.

3. Shida ya frateri mwenye daftari

Mtafiti wa kawaida huanza akiwa hana jina. Frateri au padre huanza akiwa na jina kubwa mno. Watu wanasimama, wanampa kiti na kumpikia kuku. Na wanamjibu yale wanayoamini Kanisa linapenda kusikia.

Tuseme frateri anatafiti juu ya matambiko na waganga katika jamii yake ya utume. Anamuuliza mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo, "Mtoto akiugua mnakwenda wapi?" Mama anajibu bila kusita: zahanati, halafu kuombewa. Frateri anaandika. Mwisho wa utafiti anahitimisha kwamba waamini wa kijiji kile wameacha waganga. Kila mtu kijijini, isipokuwa frateri, anajua hilo si kweli. Mama hakuwa mwongo. Alikuwa anajilinda, maana aliyeuliza ni mtu ambaye kesho anaweza kuhubiri juu yake.

Nini kifanyike? Kwanza, aseme wazi amekuja kwa kofia gani: "Leo sikuja kufundisha wala kukosoa. Nimekuja kujifunza, na sitataja jina la mtu." Kisha aitimize ahadi hiyo hata mbele ya paroko. Pili, asikusanye habari sakristiani wala mara baada ya Misa. Mtu aliyetoka kupokea Komunyo hana uhuru wa kumkatalia. Tatu, awe tayari kukataliwa. Ridhaa isiyoweza kuwa "hapana" si ridhaa. Nne, atafute mwenzake asiyejulikana kama mtu wa Kanisa amsaidie kuuliza yale magumu, halafu alinganishe majibu.

Na tano, jambo lisilo na mjadala: aliyoambiwa kama mchungaji si data. Siri ya kitubio inajulikana kwetu sote. Lakini hata nje ya kitubio, machozi ya mtu aliyekuja kuomba ushauri si mali ya tasnifu. Ukiyatumia, hata bila jina, katika kijiji chenye nyumba arobaini kila mtu atamjua mwenyewe. Utapata shahada, na mtu huyo hatamwendea tena padre yeyote.

4. Wataalamu walipoacha kusikiliza

Historia ya Usambara inaonyesha gharama ya kutosikiliza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliona udongo wa milima unamomonyoka. Wasiwasi huo haukuwa wa uongo, kwani miteremko ilikuwa mikali na watu walikuwa wakiongezeka. Mwaka 1946 mpango wa kuhifadhi udongo ulianza Mlalo, na baadaye ukapanuliwa na kuitwa Mradi wa Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta kukata mteremko, na asiyelima aliadhibiwa.

Wataalamu walipima udongo. Hawakupima mgongo wa mama. Matuta yalimaanisha kazi nzito iliyoongezwa juu ya kazi iliyokuwepo, na sehemu kubwa ilimwangukia mwanamke. Watu waliogopa pia kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Zaidi ya hayo wakulima walikuwa na maarifa yao, kama vile bustani za migomba zenye mazao mchanganyiko, ambazo huufunika udongo. Machifu waliosimamia amri walijikuta wakihukumiwa kwa kipimo kile cha zamani: je, wanaiponya nchi au wanaiharibu? Upinzani ulienea, ukaungana na harakati za kudai uhuru, na mwaka 1957 mradi ukaachwa.

Tusifanye haraka kuwacheka wale maofisa. Wengi walikuwa watu wa nia njema na wasomi. Kosa lao ni kosa la kila mtafiti anayekuja na jibu mfukoni. Walijua tatizo la udongo, hawakujua maisha ya wenye udongo, na hawakuona kwamba ni jambo moja. Mpango wa kichungaji unaoandikwa ofisini kwa takwimu nzuri unaweza kufa kwa njia hiyo hiyo.

5. Deni la mtafiti

Yupo mgeni mwingine wa Usambara ambaye jina lake liko duniani kote bila watu kujua. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliona ua dogo la zambarau katika misitu hii, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo linauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani, wakati jamaa zake wa porini wanapungua kadiri misitu inavyokatwa. Jina la yule baron lilibaki juu ya ua. Jina la mtu yeyote wa milimani halikubaki.

Kisa hiki kimuulize kila mtafiti: umeondoka na nini, na umeacha nini? Lushoto wamepita watafiti wa misitu, wa kilimo, wa lugha, na wa tauni iliyoisumbua wilaya hiyo kuanzia mwaka 1980. Kazi nyingine zimesaidia kuokoa maisha. Hata hivyo kilio cha kawaida cha wanavijiji mahali pengi ni kimoja: "Walikuja, wakatuuliza, hawakurudi."

Kurudisha hakuhitaji fedha nyingi. Mpelekee mzee picha yake na nakala ya masimulizi yake, wajukuu wakaisome. Acha nakala ya tasnifu katika shule ya kata na parokia, na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji. Simama katika mkutano wa kijiji useme uliyoyapata, ukubali kusahihishwa. Na katika kurasa za shukrani, walioridhia kutajwa watajwe kwa majina yao. Kuandika "mtoa habari namba 7" kunamlinda anayehitaji kufichwa, ila kwa mzee aliyejivunia kusimulia historia ya ukoo wake ni kumfuta.

6. Wewe utakapokuwa mgeni

Siku moja baadhi yenu mtakuwa upande wa pili. Mtashuka katika mji wa Ulaya mwezi wa Januari, na baridi itakuwa si ile ya Lushoto. Mtapanga foleni kuomba kibali cha kuishi. Jirani atafunga mlango bila kusalimia, nanyi mtahitimisha kwamba watu wa nchi hiyo hawana utu. Kumbukeni wakati huo yule mgeni wa Usambara na daftari lake la mwezi wa tatu. Jifunzeni lugha kabla ya kuhukumu. Tafuteni parokia, si kwa Misa tu, bali pia mfagie ukumbi baada ya chai. Ibrahimu aliwapokea wageni watatu bila kujua ni akina nani (Mwa 18), lakini kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa mgeni katika nchi ile. Anayejua kupokelewa hujua kupokea.

Hitimisho

Utafiti ni kutafuta ukweli, na ukweli wa watu hukaa kwa watu. Hatuuchukui, tunapewa. Mbegha alileta nyama, Krapf alikaa na maneno, Feierman alisikiliza na wasiokuwa na kiti cha enzi. Wenye matuta walileta amri, na milima ikawakataa. Kabla hujafungua daftari, jiulize unaleta nini mkononi.

Maswali ya kutafakari na kujadili

1. Katika mazingira yako ya utume, ni maswali gani ambayo watu hawawezi kumjibu frateri kwa uhuru? Kwa nini?

2. Toa mfano wa mpango wa maendeleo au wa kichungaji ulioshindwa kwa sababu wenyeji hawakusikilizwa. Maarifa gani ya wenyeji yalipuuzwa?

3. Je, ni halali kumlipa mtu anayekupa masimulizi? Tofautisha shukrani, fidia ya muda na ununuzi wa maneno.

4. Soma Lk 10:1-9. Orodhesha maagizo ambayo mwanafunzi mtafiti anaweza kuyatumia kama kanuni za kazi yake.

5. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyeji wako wa baadaye, ukimweleza unakuja kutafuta nini na utamrudishia nini.